Msuluhishi Asiye na Mteja: Mwanafunzi wa Sheria Anavyojifunza Kupatanisha

“Wewe si unasoma sheria? Basi tuambie, hapa mwenye kosa ni nani?”

Anayeulizwa ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho, amekaa meza moja na watu wawili wasiotazamana. Mmoja ni fundi seremala, mwingine ni mteja wake. Kabati lilichelewa wiki tatu, mlango wake mmoja haufungi vizuri, na mteja amegoma kumalizia malipo. Mwanafunzi alishafaulu somo la sheria ya mikataba. Anajua dai la fundi limesimama wapi, anajua mteja angejitetea vipi, na pengine anajua hata hakimu angeamua nini. Jibu linamwasha ulimi. Kazi yake siku hiyo ni kulimeza.

Fundi na mteja nimewatunga kwa ajili ya makala haya, ila swali lao sikulitunga. Halikosi kuulizwa pale mwanafunzi wa sheria anapoitwa kupatanisha watu.

Ukiitazama juujuu, kliniki ya usuluhishi ni jambo jepesi. Chuo kinashirikiana na mahakama au kituo cha jamii, wanafunzi wanapewa mafunzo, kisha wanakaa na watu wenye ugomvi na kuwasaidia wapatane. Mtu anaweza kudhani kinachofundishwa humo ni upole na adabu ya mazungumzo. Kumbe sehemu kubwa ya somo ni kuweka kando, kwa saa mbili hivi, tabia ambayo chuo hichohicho kimetumia miaka kumjengea mwanafunzi: tabia ya kutafuta nani yuko sahihi.

Neno moja, kazi mbili

Kiswahili chetu kina mtego kidogo hapa. Neno usuluhishi hutumika kwa mambo mawili yasiyofanana. Upo usuluhishi ambao mtu wa tatu husikiliza pande zote kisha hutoa uamuzi unaowafunga, mfano wa hakimu asiye na joho. Na upo ule ambao mtu huyo hana uwezo wa kuamua lolote. Wahusika wasipokubaliana, kila mmoja anarudi alikotoka na shauri lake liko palepale. Wako wanaouita huu wa pili upatanishi ili kukwepa utata. Mimi nitaendelea kuuita usuluhishi, msomaji akijua kwamba nakusudia huu usio na hukumu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kama Mkataba wa Singapore unatumia alama hiyohiyo kuutambua: mtu wa tatu anayesaidia bila kuwa na mamlaka ya kuwalazimisha wahusika kukubali suluhisho. Mkataba huo ulifunguliwa kwa saini tarehe 7 Agosti 2019, nchi 46 zikatia saini siku hiyohiyo, na ukaanza kutumika Septemba 2020. Unahusu migogoro ya kibiashara ya kimataifa, kwa hiyo kabati la fundi wetu halimo. Lakini unaonyesha kwamba njia ambayo zamani ilionekana ni ya ugomvi wa majirani leo imo katika sheria za biashara za dunia, na wakili atakayeajiriwa kesho atakutana nayo apende asipende.

Kliniki bila mgonjwa

Neno kliniki limeazimwa hospitalini, na walioliazima walijua wanachofanya. Mwaka 1933 Jerome Frank, mwanasheria wa Marekani aliyekuja baadaye kuwa jaji wa rufani, aliandika kwamba vyuo vya sheria vinapaswa kufundisha kama vyuo vya udaktari, yaani mwanafunzi akiwa karibu na watu wenye matatizo halisi. Mwanafunzi anayesoma hukumu zilizochapishwa tu alimfananisha na mtu anayejiandaa kufuga mbwa ilhali maisha yake yote hajaona ila mbwa waliokufa na kujazwa pamba. Wengi walicheka, wachache walifuata. Ilichukua hadi 1968, fedha za Wakfu wa Ford zilipoanza kumiminwa katika vyuo kupitia baraza lililoundwa kwa kazi hiyo, ndipo kliniki za sheria zikaenea Marekani.

Kliniki hizo za mwanzo zilikuwa za kutetea. Mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili anakuja, mwanafunzi anamsikiliza, anamwandikia nyaraka, anasimama naye mahakamani chini ya uangalizi wa mwalimu. Usuluhishi ulikuja baadaye. Mwaka 1976, katika mkutano wa majaji na wanasheria uliofanyika St. Paul, Minnesota, Frank Sander wa Harvard alipendekeza mahakama iwe kama jengo lenye milango mingi, kila mgogoro uelekezwe kwenye mlango unaoufaa: mmoja kwa hakimu, mwingine kwa msuluhishi, mwingine kwingineko. Milango ikafunguliwa, ikahitaji watu wa kukaa nyuma yake. Katika miaka ya 1980 vyuo kadhaa vikaanza kuwapeleka wanafunzi wao huko, hasa kwenye mahakama za madai madogo.

Hapo ndipo fundo lilipofungwa. Muundo wa kliniki ya kutetea ulichukuliwa kama ulivyo na kuvishwa kazi ambayo ni kinyume chake. Katika kliniki ya kutetea, mwanafunzi ana mteja, yaani mtu anayemtetea. Akibabaika, anajiuliza swali moja: lipi lina manufaa kwa mteja wangu? Hilo ndilo dira yake, usiku na mchana. Katika kliniki ya usuluhishi hana mteja. Ana watu wawili, na mwamba ngozi huvutia kwake. Kila mmoja anamvuta mwanafunzi upande wake, na yeye hana upande wa kwenda. Kila sheria ya maadili aliyofundishwa, kuanzia utii kwa mteja, utunzaji wa siri za mteja, hadi kumpigania mteja kwa bidii, inaanza na neno ambalo halipo chumbani.

Leonard Riskin, mwalimu wa sheria wa Marekani, alilieleza tatizo hili vizuri mwaka 1982. Alisema mwanasheria hutembea na ramani kichwani, na juu ya ramani hiyo mambo mawili yamekwisha chorwa kabla hajasikiliza mtu: kwamba wanaogombana ni mahasimu, akipata huyu amekosa yule, na kwamba ugomvi humalizwa na mtu wa tatu anayetumia kanuni ya sheria. Katika usuluhishi yote mawili huwa hayapo. Mteja anaposema, katikati ya habari za kabati, kwamba alimwahidi mama mkwe chumba kilichopangwa, mwanafunzi mwenye ramani anaandika pembeni: halihusiki. Fundi anaposema kwamba alifokewa mbele ya vijana anaowafundisha kazi, anaandika tena: halihusiki. Mahakamani angekuwa sahihi. Hapa ametupa nusu ya mgogoro kwenye kapu la taka.

Siri iliyofichwa kwenye karatasi

Kabla ya kuona watu halisi, wanafunzi hupitia mafunzo ya msingi. Urefu wake hutofautiana. Sheria ya jimbo la Texas, kwa mfano, inataka angalau saa 40 za mafunzo ya darasani kwa msuluhishi anayeteuliwa na mahakama, na saa 24 zaidi kwa migogoro inayohusu wazazi na watoto. Sehemu kubwa ya saa hizo ni maigizo. Wanafunzi wanagawana nafasi, mmoja fundi, mmoja mteja, wawili wasuluhishi. Kila mgombanaji anapewa karatasi yenye maelezo yake ya siri.

Maigizo yana faida yake na sitaki kuyabeza. Humo ndimo mwanafunzi anajifunza kufungua kikao: kueleza kwamba yeye si hakimu, kwamba yanayosemwa humo ni siri isipokuwa mambo machache yanayotajwa mapema kama vitisho vya kudhuru mtu, kwamba yeyote anaweza kuondoka, kwamba atakutana na kila upande peke yake ikihitajika. Humo anajifunza kumrudishia mtu maneno yake yakiwa yametolewa miiba. Mteja anasema, “Huyu ni mwongo, alinichezea akili.” Msuluhishi hasemi “kwa hiyo unasema ni mwongo,” wala hasemi “tuongee kwa heshima.” Anasema, “Ulipanga mambo yako kwa tarehe uliyopewa, na tarehe ilipopita hukuambiwa kitu.” Mteja anatikisa kichwa, ndivyo hasa. Fundi naye anaweza kuyasikia maneno hayo bila kuinuka kwenye kiti. Ni ustadi mdogo kwa macho, lakini watu hurudia mara ishirini kabla haujatoka mdomoni bila kusikika kama kasuku.

Kasoro ya maigizo ni moja, nayo ni kubwa: suluhu imo ndani ya karatasi. Mwalimu aliyeandika karatasi ya fundi na ya mteja aliweka mahali fulani kitu kinachopatana, tuseme fundi anahitaji picha za kazi yake ili kuwavuta wateja wapya na mteja ana duka linalotembelewa na watu wengi. Mwanafunzi mjanja anajifunza kuwinda. Anauliza maswali mpaka siri itoke, kisha anaunganisha vipande na kupigiwa makofi.

Katika kikao halisi hakuna aliyeficha kitu. Fundi hajui anataka nini zaidi ya fedha zake. Mteja leo anataka mlango urekebishwe, baada ya nusu saa anataka kabati lirudishwe, kisha anataka tu mtu akiri kwamba alisumbuliwa. Na huenda hakuna kabisa suluhisho litakalowafurahisha wote. Mwanafunzi aliyezoea kuwinda hapo hubabaika vibaya: anaendelea kuuliza maswali ya kuchokonoa, wahusika wanahisi wanahojiwa na polisi, na kikao kinapoa kama chai iliyosahauliwa. Kuzijua hatua hakumsaidii tena. Inabidi akae na watu ambao nao hawajui wanakoelekea, bila kukimbilia kuwaelekeza. Darasani jambo hilo halifundishiki.

Mwalimu aliyekaa pembeni

Kwa kawaida wanafunzi huanza kwa kutazama vikao vya wazoefu, kisha husuluhisha wawiliwawili, mwalimu msimamizi akiwa pembeni. Mpangilio huo ni rahisi kuuandika kwenye karatasi na mgumu kuuishi, kwa sababu sasa ugomvi mmoja una wenyewe wengi. Kwa haki ni mali ya wahusika. Mwanafunzi anautaka kwa sababu ndilo somo lake. Mwalimu naye anabeba dhamana yote, na ana uzoefu wa kuona shimo hatua tano kabla mwanafunzi hajalikanyaga.

Chukua ukimya. Mteja ameulizwa angependa nini kitokee, akanyamaza. Sekunde tano zinapita, kumi, kumi na tano. Kwa mwanafunzi hizo ni kama saa nzima. Atajaza pengo kwa swali jingine, au vibaya zaidi, kwa pendekezo lake mwenyewe. Mwalimu anaona kwamba mteja anafikiri. Je, ainue mkono? Akiingilia, amemnyang'anya mwanafunzi somo, na pia amewaonyesha wahusika kwamba mkubwa wa chumba ni yule wa pembeni. Kuanzia hapo watamwelekea yeye. Asipoingilia, watu wawili wenye shida ya kweli ndio wanaolipia ada ya somo la mtu mwingine.

Hakuna kanuni inayomaliza mvutano huu. Kilichopo ni desturi zinazoupunguza makali. Wahusika huambiwa tangu mwanzo kwamba wasuluhishi ni wanafunzi na kwamba wana mwalimu, nao wana haki ya kukataa. Mwalimu na wanafunzi hukubaliana kabla ya kikao ishara za kuombana msaada: kijikaratasi, au ombi la mapumziko mafupi. Na yapo mambo ambayo mwalimu hayasubirii ishara, kama vile kitisho, siri ya upande mmoja inayotaka kumponyoka mwanafunzi, au makubaliano yanayovunja sheria. Mengine yote, kwa maoni yangu, aache yapite, hata kama yanamkera. Swali lililoulizwa vibaya linarekebishika, lakini mwanafunzi aliyezoea kuokolewa atakuwa anageuza shingo kumtafuta mwalimu hata siku mwalimu hayupo.

Mdomo uliofungwa, je, hauna upande?

Turudi kwenye swali la mwanzo, kwa sababu sasa linaweza kuelezwa vizuri zaidi. Kwa nini mwanafunzi asiseme tu nani mwenye haki?

Sababu moja ni ya kikazi: bado si wakili, na katika nchi nyingi kutoa ushauri wa kisheria bila leseni ni kosa. Sababu ya pili ni kwamba akishasema, mmoja wao hana haja tena ya kuzungumza. Lakini wasuluhishi wenyewe hawakubaliani kama kutosema ndiyo njia pekee. Riskin huyohuyo, katika miaka ya 1990, aliwagawa wasuluhishi kwa mitindo: wapo wanaowezesha mazungumzo tu, na wapo wanaotathmini, yaani wanaowaambia wahusika kesi yao ina nguvu kiasi gani na mahakama ingeelekea wapi. Majaji wastaafu wanaosuluhisha migogoro ya biashara mara nyingi ni wa kundi la pili, na wateja wao huwalipa kwa hilo hasa. Kliniki nyingi za wanafunzi hufundisha mtindo wa kwanza. Kuna busara ndani yake, maana tathmini ya mtu ambaye hajawahi kuendesha kesi ina thamani gani?

Ugumu unakuja pale ambapo kunyamaza kunamwumiza mtu. Tuseme fundi, kwa uchovu, yuko karibu kusamehe salio lote kwa sababu anaamini kwamba kuchelewa wiki tatu kumefuta haki yake ya kulipwa. Mwanafunzi anajua kwamba sivyo. Akimwambia, amekuwa wakili wa fundi. Akinyamaza, anashuhudia mtu akitia saini kwa kutojua. Au tuseme muda wa kisheria wa kufungua kesi unakaribia kuisha huku vikao vikiendelea kuahirishwa. Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hili la pili. Agizo lake la mwaka 2008 kuhusu usuluhishi linazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba mtu aliyejaribu kusuluhishwa hazuiwi baadaye kwenda mahakamani au kwenye baraza la uamuzi kwa sababu tu ukomo wa muda ulimkuta akiwa katika usuluhishi. Kwa mengine, msuluhishi anabaki na akili yake.

Vipo vichochoro vya kupitia. Anaweza kuwauliza wote wawili, pamoja, kama wamepata nafasi ya kuzungumza na mwanasheria kabla ya kutia saini, na kuwapa siku kadhaa. Anaweza kutoa taarifa ya jumla ya kisheria, ileile kwa pande zote, bila kusema inamwangukia nani. Anaweza kumwuliza fundi, wakiwa faraghani, amefikiaje hitimisho hilo. Na anaweza kusimamisha kikao. Wanafunzi wengi wanapenda kuamini kwamba kunyamaza ni kutopendelea. Mimi sikubali. Pale ambapo mmoja amekuja na mwanasheria na mwingine amekuja na mfuko wa nailoni wenye risiti, ukimya wa msuluhishi umeshachagua upande.

Ndiyo maana pia si kila mgogoro unafaa kuingia mlango huu. Kliniki makini huwahoji wahusika kila mmoja peke yake kabla ya kikao, hasa migogoro ya kifamilia, kutafuta dalili za vipigo au za mtu anayeogopa kusema mbele ya mwenzake. Mwanafunzi anayejifunza kusema “hili tusilisuluhishe” amejifunza jambo la maana sana, ingawa siku hiyo hakusuluhisha lolote.

Halafu, jambo la kuchekesha kidogo: sheria iliyofukuzwa mlangoni hurudi dirishani. Wahusika wakishakubaliana, lazima yaandikwe, na hapo mwanafunzi anaruhusiwa tena kuwa mwanasheria, nusu hivi. “Fundi atarekebisha mlango haraka iwezekanavyo” ni ugomvi mpya uliotiwa saini. Haraka ni lini? Mlango upi? Nani anapeleka kabati, nani anagharamia bawaba, salio linalipwa kabla au baada, na bawaba mpya nazo zikilegea? Mwanafunzi anauliza haya yote kwa pande zote, kisha anaandika kwa maneno yao, bila “kwa kuwa” na “hivyo basi” zinazowafanya watu watie saini wasichokielewa.

Alama zinatolewa kwa nini?

Si kwa kupatanisha watu. Chuo kikitoa alama kwa idadi ya suluhu, kitakuwa kimempa mwanafunzi maslahi yake binafsi ndani ya ugomvi wa watu, na atawasukuma. Kinachopimwa ni maandalizi, namna alivyokiendesha kikao, na zaidi ya yote namna anavyokitafakari baadaye. Kwa hiyo kuna shajara. Shajara zina mtego wake: siri ya kikao inamfunga mwanafunzi pia, kwa hiyo huandika bila majina na bila maelezo ya kumtambulisha mtu, na karatasi alizoandikia wakati wa kikao huchanwa kabla ya kutoka chumbani.

Baada ya shajara, au kabla yake, kuna mazungumzo na mwalimu, ambayo mara nyingi huchukua muda karibu sawa na kikao chenyewe. Fundi na mteja wetu, tuseme, hawakuafikiana. Walifika mahali pazuri, mteja akaelekea kukubali marekebisho, kisha ghafla kila mmoja akarudi kwenye msimamo wake. Wameondoka, viti vimebaki vimegeukiana vibaya. Wanafunzi wawili wanangoja kuambiwa walikosea wapi.

Mwalimu hawaambii. Anauliza: “Ni wakati gani mteja aliacha kumtazama fundi, akaanza kukutazama wewe?”

Mmoja anafikiri, hakumbuki. Mwenzake anakumbuka: ni pale mteja aliposema tarehe ilikuwa imeandikwa, na kwamba kilichoandikwa ndicho mkataba.

“Sikusema kitu,” anajitetea wa kwanza.

“Hukusema,” mwenzake anamjibu. “Uliitikia kwa kichwa.”